Mama Kabari na Kifua Kisicho na Vyumba

Ijumaa ya tarehe 30 Mei, saa kumi jioni, Mama Kabari atafunga mlango wa jimu ya wafanyakazi wa hospitali yetu, ataitundika filimbi yake kwenye msumari, na kuanzia hapo atakuwa mstaafu. Ameitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na moja. Sita ya mwanzo alifanya kazi katika chumba cha dobi, na iliyobaki yote katika kile chumba cha nyuma ya jiko, ambacho wageni hudhani ni stoo mpaka wasikie vyuma vikigongana na mtu mzima akihesabiwa kwa sauti kama mtoto wa chekechea.

Kamati ya sherehe ilihangaika kumpata mtu wa kuandika wasifu huu. Mpishi mkuu alisema yeye hajazoea kuandika kitu kisichokuwa na kipimo cha chumvi. Dereva wa gari la wagonjwa alikubali mbele ya watu, kisha akaingia mitini. Ndipo kazi ikaniangukia mimi, fundi cherehani wa chumba cha mashuka, na sikujivuta hata kidogo. Katika hospitali hii nzima sidhani kama yupo aliyepokea mengi kwa Mama Kabari kama nilivyopokea mimi, na mkono ninaoandikia maneno haya ni ushahidi. Nitalieleza hilo likifika mahali pake. Kwanza tumalize ya dobi.

Alikuja hapa akiwa msichana mwenye mikono mirefu na maneno machache. Maneno yaliongezeka baadaye. Siku hizo mashine ya kukamulia nguo ilikuwa ikigoma kila ilipojisikia, na mashuka yalikamuliwa kwa mikono, mtu huku na mtu kule, kila mmoja akisokota ncha yake. Wazee wa dobi wanasimulia kwamba upande wa pili wa Mama Kabari ilibidi wasimame wanaume wawili, na bado walijikuta wakisogea kuelekea kwake taratibu kama watu wanaovutwa na kamba. Mmoja wao amestaafu siku nyingi na bado hapendi kuulizwa habari hiyo.

Baadaye hospitali ikapewa vyuma vya mazoezi vilivyokuwa vikitupwa na klabu moja iliyofungwa. Mganga mkuu wa wakati huo aliviweka kwenye chumba kitupu nyuma ya jiko na kutangaza kwamba wafanyakazi wajenge afya. Wafanyakazi walijenga afya kwa muda mfupi, wakaanza kuangushiana vyuma vidoleni, na chumba cha majeruhi kikawa kinapokea wagonjwa wanaotembea hatua chache tu kutoka jikoni. Mganga mkuu akauliza kama kuna mtu anayeweza kuweka nidhamu mle ndani. Msimamizi wa dobi alinyoosha kidole tu. Mama Kabari akapelekwa kusomea ualimu wa mazoezi ya viungo, akarudi na cheti, filimbi, na imani moja ambayo hakuna mtu aliyeweza kumtoa.

Imani yenyewe ilihusu kifua. Wanaume wa hospitali yetu, wengine wanisamehe, walikuwa hawaji jimu kufanya mazoezi, walikuja kuagiza. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha kifua alichokitaka. Dereva wa gari la wagonjwa alitaka kifua cha juu, kile kinachoonekana mtu akiacha vifungo viwili vya shati wazi. Mpishi mkuu alitaka kifua cha chini, kwa sababu tumbo lake lilikuwa limepanda mpaka likakutana nacho na yeye alitamani mpaka ujulikane. Mtu wa eksirei, ambaye kazi yake ni kupiga picha vifua vya watu kutwa nzima na kwa hiyo alijiona mtaalamu, alitaka kifua cha ndani, ule mfereji wa katikati. Mama Kabari aliwasikiliza wote mikono ikiwa kiunoni, halafu akawapa jibu moja: kifua si nyumba ya kupangisha, huwezi kukarabati chumba kimoja na kuviacha vingine. Piga pushapu, nyanyua chuma, kifua kizima kitakua au kizima kitalala.

Jibu hilo alilipenda mno, mpaka akamwita mchora mabango wa hospitali akaliandika ukutani juu ya benchi kwa rangi nyekundu: KIFUA HAKINA VYUMBA. Mtu akilala chali kunyanyua chuma alilazimika kulisoma.

Alikuwa na njia yake ya kufundisha, ambayo wote waliopita mikononi mwake wataitambua. Hakukuonyesha kwenye picha wala hakukuhubiria. Alikwambia uweke kiganja chako mwenyewe juu ya msuli unaoufanyisha kazi, usukume kwa mkono mwingine, na usikilize. Usikilize, ndivyo alivyokuwa akisema, kana kwamba viganja vina masikio. Kioo alikitundika chini kabisa, usawa wa magoti, ili mtu akijitazama aone miguu tu, maana aliona vifua vingi vinanenepa juu ya miguu ya kuazima. Na ukidanganya, ukanyanyua nusu nusu, hesabu ilirudi nyuma. Kuna watu walifika nane mara tatu kabla ya kufika tisa.

Mtu wa eksirei hakuridhika. Mchana mmoja, wakati wa mapumziko, alichukua ile kalamu ya wino usiofutika ya kuandikia mifuko ya picha, akasimama mbele ya kioo cha chumba cha kubadilishia nguo, akajichora mipaka kifuani: juu, chini, ndani, pembeni, kila eneo na herufi yake. Shabaha ilikuwa kujua ni eneo gani linalofanya kazi, na baadaye ajioshe kabla ya kwenda nyumbani. Wino ulikataa maji. Ukakataa sabuni, ukakataa na spiriti. Alipovua shati nyumbani, mkewe aliangua kilio akitaka kujua ni daktari gani aliyemchora hivyo na upasuaji ni lini. Kesho yake mama mkwe na shemeji wawili walifika hospitali na chupa ya uji kumtazama mgonjwa, wakamkuta mgonjwa ofisini kwake anapiga picha. Mama Kabari alipopata habari hakumcheka, au tuseme hakumcheka mbele yake. Alimwambia aweke kiganja kwenye ile ramani, asukume ukuta kwa mkono mwingine, kisha akamwuliza ni mpaka gani aliousikia. Jamaa akakiri kwamba pote pamekakamaa kwa pamoja, toka katikati hadi kwapani.

Hapo imani ya Mama Kabari ikawa chuma. Lakini dereva wa gari la wagonjwa naye alikuwa na yake. Alikuwa amesikia kwamba ukiinua upande wa kichwa wa benchi, mtu alale kwa mshazari, basi kifua cha juu ndicho kinachobeba. Benchi letu lilikuwa limechomelewa na fundi wetu wenyewe, tambarare kama meza ya kulia, halipandi wala halishuki. Mama Kabari hakutaka hata kusikia habari ya kuliinua. Dereva na mpishi wakala njama.

Wakati huohuo, kwenye wodi zetu, milango ikaanza kujibamiza. Kila mlango hapa ulikuwa na kabari yake, kile kipande cha mbao kilichokatwa mshazari ambacho husukumwa chini ya mlango ili ubaki wazi. Kabari zilianza kutoweka moja moja. Wagonjwa walikuwa wakistuka usingizini, mwuguzi mkuu akabandika tangazo la ukali, na watoto wa wauguzi wakashukiwa bure. Kumbe kila Mama Kabari alipokwenda kula, kabari zote zilipangwa chini ya miguu ya benchi, upande wa kichwa, na kazi ikaanza. Ilikwenda vizuri mpaka zamu ya mpishi. Alipoanza kunyanyua, kabari zikachomoka, benchi likashuka kwa kishindo, na mpishi mkuu wa hospitali akabaki chali, chuma kimemlalia kifuani, akiita jina la Mama Kabari kwa unyenyekevu ambao jikoni haujasikika hadi leo.

Alikuja. Alikiondoa kile chuma kama mtu anayemfunua mtoto shuka. Alikinga aproni yake, akaokota kabari moja moja, akazunguka wodi hadi wodi kuzirudisha. Chache hazikujulikana milango yake, na hizo akazifungia kabatini. Tangu siku hiyo jina lake la kwenye kitambulisho likabaki kwenye kitambulisho, na sisi tukampa hili tunalomwitia.

Mimi haya yote niliyatazama kutoka dirishani. Chumba cha mashuka kinatazamana na jimu, ua ukiwa katikati, na kwa miaka mingi burudani yangu ya mchana ilikuwa kuwacheka wale wanaume huku napinda mapindo. Sikuwahi kukanyaga ndani. Nilijiambia kwamba kubeba majora ya vitambaa ni mazoezi tosha.

Sasa nimefika kwangu. Miaka kumi na moja iliyopita nilipata saratani ya titi, la kushoto. Uvimbe ulikuwa umeng'ang'ania msuli ulio chini yake, na daktari wa upasuaji akanieleza wazi, bila kuzunguka, kwamba ataondoa titi na kipande cha msuli wa kifua, upande wa chini. Asubuhi ya upasuaji alinichora kwa kalamu ya wino. Nikamkumbuka mtu wa eksirei na mama mkwe wake na chupa ya uji, nikaanza kucheka peke yangu kitandani, na wauguzi wakadhani dawa ya usingizi imeanza kufanya kazi.

Nilipona. Namshukuru Mungu na madaktari wetu, kidonda kilifunga, dawa zikaisha, vipimo vikaja safi. Kilichobaki ni mkono. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa ukipanda mpaka usawa wa kifua, halafu unasimama, na juu ya hapo ulikuwa si wangu. Na mimi ni mtu wa kushoto. Mkasi wangu ni wa mkono wa kushoto, niliuagiza mwenyewe nikiwa bado mwanafunzi wa ushonaji. Meza yangu ya kukatia ni ndefu, na rafu za majora zimepanda hadi karibu na dari. Nyumbani baba watoto alikuwa ananivisha blauzi, na binti yangu wa mwisho ananisuka, huku wote wawili wakijifanya hawaoni chochote. Hilo niliweza kulivumilia. Lakini msimamizi wa stoo ya nguo aliniita akanikalisha. Hakuwa mtu mbaya na alionekana ana uchungu. Alisema chumba kinahitaji fundi anayekata na kupanga, na kwamba ikifika mwisho wa mwaka mkono ukiwa hivi, itabidi nihamishiwe kwenye simu, pale mapokezi. Nilirudi kwenye meza yangu nikashika tama. Mimi bila mkasi sikujijua ni nani.

Mtaalamu wa viungo wa hospitali alikuwa ameshanianzishia mazoezi ya bega, na bega lilikuwa linalainika. Lakini kulainika ni jambo moja na kuwa na nguvu ya kuinua ni jambo jingine. Ndipo mchana mmoja nikapiga moyo konde, nikavuka ua, nikaingia jimu. Mama Kabari alikuwa amesimama karibu na benchi. Nikamwambia hivi, nakumbuka kila neno: "Mama, kifua changu kimekatwa kipande. Hiki kilichobaki kinaweza kufundishwa kazi peke yake?"

Juu ya kichwa chake yalikuwa yale maandishi mekundu. Aliyatazama. Akanitazama mimi. Kila mtu mle ndani alijua jibu lake ni lipi, maana alikuwa amelitoa kwa sauti kubwa kwa miaka nenda rudi. Kama kifua hakina vyumba, basi changu kilikuwa nyumba iliyobomoka, na mimi niende zangu kwenye simu.

"Sijui," akasema. "Nipe mpaka Jumatatu."

Mpishi mkuu ananiambia kwamba hapo ndipo alipoogopa. Alikuwa hajawahi kumsikia akisema hajui, kwa jambo lolote, hata la hali ya hewa.

Ilikuwa Ijumaa. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba alimkuta mtaalamu wa viungo anafunga ofisi, akamfungulisha tena. Akamtaka amweleze kifua toka mwanzo, kama anamfundisha mtu asiyewahi kuwa nacho. Yule bwana, ambaye ni mpole na anapenda kuulizwa, alikosa usafiri wa kwanza, akakosa na wa pili, na mwisho mumewe Mama Kabari ndiye aliyekuja kumrudisha nyumbani. Jumatatu asubuhi Mama Kabari akaingia chumba cha mashuka, kwapani ana mchoro mkubwa wa misuli alioazimwa. Tukautandaza juu ya meza yangu ya kukatia, mkasi wangu ukishikilia pembe moja ili usijikunje.

Msuli ule umechorwa nyuzi nyuzi. Fungu la juu linaanzia kwenye mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, na kuteremka kwa hanamu, yaani mshazari. Fungu kubwa la chini linaanzia kwenye mfupa wa kidari, katikati ya kifua, na kwenda pembeni. Mafungu yote mawili yanakusanyika na kujishikiza sehemu moja, juu ya mkono, karibu na bega, kama marinda yanavyokusanywa kwenye ukanda wa sketi. Mimi nilikielewa kitu kile kabla hajamaliza kueleza, kwa sababu ni kitambaa. Nilimwambia kwamba kitambaa ni kimoja, lakini ukikivuta kuelekea upande fulani, nyuzi zilizolala upande huo ndizo zinazobeba zaidi, na nyingine zinasindikiza tu. Akachukua kipande cha shuka kwenye kapu langu la masalio, akakivuta huku na kule, akakivuta kwa hanamu, akakivuta tena. Mtaalamu wa viungo alikuwa amemwambia jambo hilohilo: mkono ukisukuma kuelekea juu, fungu la juu ndilo linalofanya kazi kubwa zaidi, ingawa haliko peke yake. Na langu la juu halikuguswa na kisu.

Halafu akauliza habari ya kifua cha ndani. Nikamwonyesha kwamba kila uzi unatoka huku katikati mpaka kule mkononi, na huwezi kuvuta nusu ya uzi ukaiacha nusu nyingine imelala. Hapo alipumua kwa nguvu. Nadhani alifarijika kwamba angalau mtu wa eksirei alikuwa amekosea.

Hakunigusa kabla ya kwenda nami kwa daktari wa upasuaji na kwa mtaalamu wa viungo, wote wakakubali na kutupangia mipaka. Kisha akafungua kabati lake, akatoa zile kabari. Zilezile za mpishi. Aliziweka chini ya miguu ya benchi, upande wa kichwa, akazifunga kwa kamba zisichomoke, akalitikisa benchi kwa nguvu zake zote kabla ya kuniruhusu kulala. Chuma changu kilikuwa mpini wa fagio. Wanaume walifukuzwa saa hiyo yote ya mchana. Mpishi alinung'unika siku mbili, siku ya tatu akaleta kigoda, akaketi nje ya mlango kuzuia watu, na akafanya hivyo mpaka mwisho bila kuombwa.

Siku ya kwanza Mama Kabari aliniambia niweke kiganja cha kulia chini ya mtulinga wa kushoto. Niliogopa. Tangu upasuaji nilikuwa sijapagusa pale hata wakati wa kuoga, nilikuwa napitisha maji tu na kuangalia pembeni. Alingoja. Hakunihimiza, hakupuliza filimbi. Nikaweka kiganja. Akaushika mpini upande mmoja, mimi nikausukuma upande wangu kuelekea juu, na akaniambia nisikilize. Nilisikiliza. Chini ya vidole vyangu kitu kikakakamaa, kidogo tu, chembamba kama pindo lililoshonwa mara mbili. Nililia palepale chali, machozi yakiingia masikioni, na yeye akaendelea kuhesabu kwa sauti yake ya kawaida kana kwamba kila mtu hulia kwenye tatu.

Haikuwa safari ya kupanda tu. Kuna wiki mkono ulivimba na mtaalamu wa viungo akatusimamisha. Kuna siku nilimwambia naacha, simu pia ni kazi, na yeye akanijibu kwamba nimalize kwanza hesabu ndipo niache. Lakini ninachomshukuru kuliko vyote ni kwamba hakunidanganya. Nilimwuliza kama lile shimo la kifuani litajaa. Akasema hapana, palipokatwa hapatarudi, tunawafundisha kazi waliobaki. Watu wengi walikuwa wananiambia maneno matamu wakati ule. Hilo moja ndilo nililokwenda nalo nyumbani na kulalia.

Katikati ya miezi hiyo alifanya jambo ambalo wanaume wa jimu bado wanalisimulia. Aliwakusanya wote, akamwita tena mchora mabango na ndoo yake ya rangi nyekundu. Akasema alikuwa amewaambia kwamba kifua hakina vyumba, na bado hakina. Lakini kina milango miwili, wa juu na wa chini, na ukiingilia huu au ule kazi inabadilika, na yeye alikuwa ameifunga yote kwa miaka kwa sababu ya ubishi wake. Akamwomba dereva radhi kwa jina. Mchora mabango akaongeza mstari wa pili, na ukuta ukasomeka hivi: KIFUA HAKINA VYUMBA, LAKINI KINA MILANGO. Mtu wa eksirei akanyoosha mkono kuuliza kuhusu cha ndani. Akaambiwa akae kimya.

Wiki hiyohiyo fundi wa kuchomelea aliletwa kukata miguu ya benchi na kuweka bawaba, na tangu hapo linapanda na kushuka. Dereva amepata kifua chake cha juu, na vifungo vyake viwili viko wazi hadi leo. Kwa mpishi, Mama Kabari alimwelekeza kwenye mlango wa chini, lakini akamtahadharisha kwamba tumbo halihusiki na habari hii na atalazimika kuzungumza nalo mwenyewe jikoni.

Mwaka ulipofika mwisho, msimamizi wa stoo alikuja asubuhi. Hakuwa na haja ya kueleza amefuata nini. Jora la kitambaa cha kijani, kile cha majoho ya chumba cha upasuaji, lilikuwa rafu ya juu kabisa. Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi, umezuiliwa na kabari, na Mama Kabari amesimama kizingitini ameshika kapu la taulo ambalo halikumhusu. Nikaipanda ngazi fupi kama nilivyokuwa nikifanya siku zote. Mkono wa kushoto ukapanda. Ulipita usawa wa kifua, ukapita bega, ukatetemeka kidogo, ukapita kichwa. Nikalishika lile jora nikalivuta, nikashuka nalo, nikalitandaza mezani, nikachukua mkasi wangu na kukata. Msimamizi alijikohoza, akasema majoho kumi na mawili yanahitajika kufikia Alhamisi, akaondoka. Nilipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu.

Baada yangu wakaja wengine. Siku hizi kila Jumanne asubuhi jimu ni ya akina mama waliopita nilikopita, wanaoletwa na mtaalamu wa viungo mmoja mmoja, na kila mmoja huanza kwa kiganja na mpini wa fagio. Wamo wanaobeba wajukuu wao tena, na yupo mmoja aliyerudi kupaka nyumba rangi, dari na kuta zote. Baba wa mapokezi mwenye bega bovu, wauguzi wenye migongo iliyochoka kwa kunyanyua wagonjwa, vijana wa dobi ambao mashine yao bado hugoma ikijisikia, wote wamepita kwenye hesabu yake. Kati ya mambo ambayo hospitali hii inajivunia, chumba kile cha nyuma ya jiko kinastahili kutajwa mapema.

Kuanzia wiki ijayo funguo za jimu zitakuwa kwa mtaalamu wa viungo. Ameomba aachiwe na kabari, akaambiwa atachukua mbili, nyingine zinakwenda nyumbani na mwenyewe. Mumewe, fundi saa aliyestaafu kabla yake, amenidokeza kwamba anamsubiri mkewe kwa furaha na kwa wasiwasi kidogo, kwa kuwa kifua chake yeye hakijawahi kukaguliwa. Wajukuu wameshazoea kuhesabiwa.

Mama Kabari, kwa niaba ya jiko, maabara, eksirei, wodi zote, dobi na chumba cha mashuka, tunakushukuru. Umetutoa jasho na umetutunza. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha asubuhi, nyumba yenye vicheko, na miaka mingi ya kukaa chini, jambo ambalo hatujawahi kukuona ukilifanya. Nenda ukaishi vizuri, mama yetu.

Na Ijumaa, gari litakapokuwa linatoka getini, watu watakuwa wengi na kila mtu atapunga mkono, kwa hiyo huenda usiione sura yangu. Tazama tu juu ya vichwa vya watu, upande wa dirisha la mashuka. Utauona mkono mmoja umenyooka hadi mwisho. Ni wa kushoto, mama. Ndio huo.